Naomba ushauri: Mlima Kenya na watoto, Sirimon au Chogoria?

MamaWawili_SouthB
Habari zenu wana jukwaa. Sisi ni Watanzania, kwetu Tanga, tuko Nairobi kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Tangu tuhamie huku mzee kashikwa na wazimu wa milima. Jumamosi wenzetu wamelala, sisi tuko Karura. Ngong tumepanda mpaka wachungaji wa kule wanatujua. Longonot tulifika mdomo wa kreta lakini hatukuuzunguka, maana mdogo alikaa chini pale kwenye mwinuko wa mwisho wenye vumbi, akawa anataka nimkande magoti tu. Baba yake akamshusha mgongoni.

Sasa likizo ya Agosti mzee anataka familia nzima twende kilele cha Lenana, mita 4,985. Mkubwa ana miaka 13, mdogo 9. Swali langu ni moja: njia ipi inafaa watoto? Na mifuko ya kulalia, nikodi Nanyuki au nitafute Gikomba? Msinitishe tafadhali, wasiwasi nilio nao unanitosha.

Jamaa_wa_Timau
Sirimon. Upande huo ni mkavu na mlima unapanda taratibu. Kambi ya Old Moses ni mita 3,300, ya Shipton's 4,200. Msiwe na haraka, laleni Old Moses siku mbili miili izoee. Kutoka Shipton's mnaondoka saa tisa usiku, na kile kipande cha mwisho ni changarawe tupu, unapanda hatua unateleza nusu. Hapo ndipo mtoto atakapolia, na wewe pia.

KichwaNgumu
Chogoria bana! Ukiliona Ziwa Michaelson kutoka juu utasahau mguu unauma. Mimi nilienda na mpenzi wangu, tukiwa huko huko akaniambia ameamua kurudiana na mtu wake wa zamani. Kushuka kote hatukuongea, mpagazi ndiye alikuwa anapeleka ujumbe. "Dada anasema umpe chumvi." Lakini mandhari, wueh.

Mjomba_Eastleigh
Mtu ana Kilimanjaro nyumbani, mita 5,895, halafu anahangaika na mlima wa jirani. Karibuni, hata sisi tunakula pilau yenu.

BiMkubwa_Kariokor
Mtoto wa miaka tisa mlimani anatafuta nini? Sisi likizo tulipelekwa kwa nyanya kupalilia mahindi, na tumekua. Wazazi wa siku hizi picha mbele, mtoto nyuma.

Sista_Wodi7
Mama Wawili, nimerudia kusoma hapo Longonot. Mtoto akichoka hudai maji au kubebwa. Huyu wako alitaka kukandwa magoti. Yote mawili? Usiku ule alilala vipi?

MamaWawili_SouthB
Ni maumivu ya kukua tu dada. Alipata homa kidogo, nikampa dawa, Jumatatu akaenda shule. Turudi kwenye njia.

Mjomba_Eastleigh
Wapeleke Hell's Gate wakaendeshe baiskeli. Ila korongoni msishuke wingu likiwa limetanda, hata kama pale mlipo hakujanyesha. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu mle ndani.

Sista_Wodi7
Mama Wawili, mtoto ana siko seli?

MamaWawili_SouthB
Nilijua mtafika huko. Ndiyo, ana selimundu, ilijulikana akiwa mdogo sana, na haidroksiyurea anameza kila siku. Lakini ni muda mrefu hajalazwa. Nairobi yenyewe iko juu na anaishi vizuri. Tumeshalipa advansi, mzee kapewa ruhusa kazini, mkubwa kawatangazia darasa zima. Na mdogo mwenyewe kila asubuhi anauliza bado siku ngapi. Nikimwacha atajiona mgonjwa. Kampuni wanabeba mtungi wa oksijeni. Kwa hiyo swali liko palepale, Sirimon au Chogoria?

Sista_Wodi7
Hakuna njia hapo dada yangu. Lenana hewa unayovuta ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya Tanga. Chembe zake za damu zikikosa oksijeni ndipo zinapojikunja na kuziba mishipa midogo. Juu yake weka baridi, weka uchovu, weka kukaukiwa maji. Anaweza kuharibikiwa wengu au mapafu, na gari liko mbali. Mtungi ni wa kumsaidia mkimshusha, si wa kumpandishia. Kampuni wanajua? Fomu ya afya mmejaza nini?

MamaWawili_SouthB
Fomu kajaza mzee. Kwenye magonjwa kaandika "hakuna". Alisema wakijua watatukatalia.

BiMkubwa_Kariokor
Astaghfirullah.

Mpekuzi254
Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Huyu huyu aliwahi kuleta uzi anatafuta bedsita Rongai, "niko peke yangu, sina mtoto, sipendi kelele." Leo ana wawili na mume wa milima?

KichwaNgumu
Ala! Na mimi nimeshatoa siri zangu za Chogoria bure.

MamaWawili_SouthB
Bedsita ilikuwa ya mdogo wangu, alitumia akaunti yangu. Kama ni chai usinywe, hujalazimishwa.

Mpekuzi254
Mdogo wako naye anaandika "kaka zangu wana jukwaa" kama wewe? Sawa.

Jamaa_wa_Timau
Mimi nabeba mizigo mlima huo, acha niseme ninachokiona. Mwongozaji akigundua njiani kuwa mmemficha ugonjwa, anawageuza wote, na hapo pesa msahau. Mzee na mkubwa wapande. Wewe na mdogo shukeni Mombasa na treni, huko chini hewa ipo. Mifuko ya kulalia ikodiwe Nanyuki, chukueni ile mizito. Ya Gikomba angalia zipu kabla hujalipa.

Sista_Wodi7
Na hata hiyo Longonot msiirudie kabla ya kumuuliza daktari wake.

MamaWawili_SouthB
Nimemtumia mzee uzi huu. Kajibu "watu wa mtandaoni waoga." Nimepiga simu kampuni: advansi hairudi, ila jina linaweza kubadilishwa mpaka Ijumaa. Jumanne tuna kliniki, na mzee atakuja, apende asipende. Nataka amwambie daktari kwa mdomo wake alichoandika kwenye fomu. Mtoto sijamwambia lolote, na msiniulize nitamwambiaje.

KichwaNgumu
Jina likifutwa mniuzie hiyo nafasi. Safari hii naenda peke yangu, chumvi nabeba mwenyewe.

Mpekuzi254
Na ile bedsita ya Rongai, mdogo wako aliipata? Nauliza tu, mimi nahama mwisho wa mwezi.