Hivi Geauga Lake ya Ohio iliuliwa au ilikufa yenyewe?

Mtu_wa_Tegeta
Wakuu habari za wikiendi. Kuna video nimekutana nayo, rolakosta (ile treni ya michezo ya kupanda na kushuka kwa kasi) ya mbao imeoza katikati ya pori, miti imepenya mpaka juu ya reli, kufuatilia naambiwa hiyo ilikuwa Geauga Lake, bustani ya michezo ya burudani jirani na Cleveland kule Ohio, Marekani. Kilichonichanganya ni kwamba 2001 waliingia watu kama milioni 2.7, halafu 2007 geti likafungwa. Miaka sita tu jamani! Biashara ya hivyo inakufaje bila vita wala kimbunga? Kwenye maoni kuna jamaa anasema kampuni ya Cedar Fair waliinunua makusudi waizike kwa sababu walikuwa na bustani yao nyingine, Cedar Point, hukohuko Ohio. Wenye kujua naomba mnifungue macho, na kama kuna mdau anaishi pande hizo atuambie pakoje sasa.

Babu Reli
Mkuu hapo pana historia ndefu kuliko unavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1800 palikuwa pa kupikniki tu, watu wanatoka Cleveland na treni wanakuja ziwani kuogelea na kula. Mwaka 1925 ndo wakajenga Big Dipper, rolakosta ya mbao, mjenzi ni John Miller, huyu ndiye aliyeweka magurudumu ya ziada CHINI ya reli ili behewa lisiruke likishika mteremko, kabla ya hapo kasi kama hizi za leo ilikuwa kujitakia kifo. Basi pakaendelea hivyohivyo pa kifamilia. 1970 SeaWorld nao wakafungua ng'ambo ya ziwa hilohilo, nyangumi na pomboo upande huu, mabembea upande ule, kila mtu na geti lake na tiketi yake, na wote wanakula vizuri tu. Ugonjwa ulianza pale mtu mmoja alipotaka ziwa zima.

Mama Hesabu
Babu kanitangulia, ngoja nimalizie kwenye pesa. Kampuni ya Premier Parks waliichukua 1995, baadaye wakainunua kampuni nyingine ya bustani, Six Flags, na kujiita jina hilo, 2000 wakabadilisha bango likawa Six Flags Ohio na kusimamisha rolakosta mpya nne kwa msimu mmoja. NNE. 2001 wakainunua na SeaWorld hiyo ya ng'ambo kwa dola milioni 110, wakaunganisha pande zote mbili tiketi moja, Six Flags Worlds of Adventure. Kwa mtazamaji ni maendeleo, ila kumbuka Ohio ina baridi kali, unafanya kazi kiangazi tu na kidogo kabla na baada, miezi mingine geti limefungwa na mkopo unadai riba kila siku, tena nyangumi halijui kwamba sio msimu, linataka samaki. Na kutoka upande mmoja kwenda mwingine unazunguka ziwa au unavuka daraja linaloelea, na watoto wamechoka, umebeba na begi. Kampuni yenyewe ilikuwa na madeni ya mabilioni. 2004 wakaiuza kwa Cedar Fair dola milioni 145 taslimu ili wapumue. Kwa hiyo kabla hujamtafuta muuaji, mgonjwa alishakuwa ICU.

Kamanda_254
Mama Hesabu hapo nakupinga kidogo. Sawa alikuwa ICU, lakini nani alizima mashine? Cedar Fair walinunua bila wanyama, yule orka anaitwa Shouka akapelekwa California, majina ya Batman na Superman kwenye rolakosta yakafutwa kwa sababu leseni si yao, na haya yote msimu unakaribia kuanza. Mtu alikuwa anakuja kuona nyangumi na Batman, sasa anakuta nini? Wateja wakashuka chini ya milioni moja. Halafu 2006 haohao wakanunua kampuni ya bustani ya Paramount Parks zaidi ya dola bilioni moja, na ndani yake kuna Kings Island, ambayo pia iko Ohio! Sasa una bustani tatu kwenye jimbo moja, unadhani mtoto gani atanyimwa chakula? Rolakosta za Geauga zikagawanywa: X-Flight ikang'olewa ikaenda Kings Island, Dominator ikaenda Virginia, Thunderhawk ikaenda Michigan. Ni kama kununua daladala mbovu ukatoa injini na gia ukaweka kwenye zako, halafu unalalamika haitembei.

Mama Hesabu
@Kamanda_254 hoja ya Kings Island naikubali, hiyo ndo msumari wa mwisho. Ila milioni 145 hutoi ili uzike, na 2005 walijenga upande wa maji, Wildwater Kingdom, pale SeaWorld ilipokuwa. Mtu anayezika hajengi. Walijaribu, hesabu zikagoma, wakaokota vya kuokota.

Mbongo Akron
Mimi nipo Akron, sio mbali. Kazini kuna wazee walikulia pale, na kinachowauma sio kufungwa, ni namna ilivyofungwa. Siku ya mwisho ilikuwa 16 Septemba 2007, tangazo likatoka tarehe 21, yaani watu wameshaondoka zao wakijua wanarudi mwakani. Hata kupanda Big Dipper ya kuagia hakuna. 2008 ikapigwa mnada ikaenda kwa dola elfu tano, ambayo hapa hainunui hata gari la maana, lakini kuihamisha ndo ikashindikana, ikakaa pale inaliwa na magugu mpaka 2016 ikabomolewa. Wildwater Kingdom, ule upande wa maji uliokuwa umebaki wazi, nayo ikafunga mwaka huohuo. Sasa hivi kuna nyumba mpya za kuishi, ziwa lipo. Hiyo video yako mkuu ni ya zamani.

Mtu_wa_Tegeta
Shukrani wakuu. Elfu tano aisee?! Na aliyenunua aliishia wapi?

Mbongo Akron
Alikuwa na mpango wa kuihamishia kwingine, baadaye ikawa kesi na kutangazwa tena eBay. Mbao haziku­hama.