Skani ya mwili mzima kwa mtu asiye na dalili: inafaa?

Mkazi wa Section 58, Nakuru:
Habari zenu. Mama ana miaka 52, haumwi popote, havuti sigara. Anataka CT (skani ya eksirei inayopiga picha nyingi za ndani ya mwili) ya mwili mzima ili kama kuna saratani ijulikane mapema. Ni busara?

Radiografa, Kisumu:
Ndugu, tafadhali mama asianze na hiyo. CT ya mwili mzima hutoa mionzi ya takriban mSv (millisievert, kipimo cha mionzi) 10 hadi 20 kwa mara moja. Eksirei ya kifua ni kama 0.1. Hatari yake ni ndogo, lakini kwa asiye na dalili hakuna faida iliyothibitishwa ya kuifidia.

Linalonisumbua zaidi ni vidoa. CT huona kila kitu: uvimbe wa maji kwenye figo, kovu la TB ya zamani kwenye pafu, kinundu juu ya figo. Vingi havina madhara, ila vikishaandikwa kwenye ripoti lazima vifuatiliwe. Inakuja CT ya pili, mara biopsi (kutoa kipande kidogo cha mwili kikapimwe), na sindano ya biopsi ya pafu huweza kuvujisha hewa kifuani. MRI (skani inayotumia sumaku) haina mionzi, lakini vidoa ni vile vile.

Kwa umri wake anahitaji mamogramu (eksirei ya matiti), walau kila miaka 2. Kama bado anapata hedhi, aende wiki inayofuata baada ya kumaliza. Matiti hayaumi sana yakibanwa. Siku hiyo asipake dawa ya kwapa wala poda, kwa sababu chembechembe zake huonekana pichani kama chokaa, na chokaa ndiyo tunayoitafuta, kwani yaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani. Abebe picha zenyewe za zamani pamoja na ripoti. Akiitwa kurudia, asikate tamaa: wengi wanaoitwa tena hawana saratani.

Nesi, Kakamega:
Naongeza jambo ambalo wengi hulikosa. Saratani ya mlango wa kizazi haikamatwi mapema kwa ultrasaundi. Mama aombe kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani hiyo), hata kama ripoti ya ultrasaundi imesema kizazi kiko sawa. Na yeyote ambaye chakula kinamkwama kooni au kifuani asipoteze pesa kwa skani ya tumbo. Aende endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) haraka. Saratani ya umio (njia ya chakula) iko nyingi upande wetu huu wa magharibi.

Mkazi wa Section 58:
Asanteni sana. Je, akiandikiwa ultrasaundi, ale au asile?

Radiografa, Kisumu:
Ya tumbo la juu, asile kwa saa 6 hadi 8. Akila, kifuko cha nyongo husinyaa na mawe yakajificha. Dawa za presha anywe na maji kidogo. Kama ana kisukari, aombe nafasi ya asubuhi na aulize mapema kuhusu dawa zake.

Ya nyonga ni kinyume: anywe maji kama lita 1, saa moja kabla, asikojoe. Kibofu kikijaa husukuma utumbo kando tukaona kizazi vizuri. Na daktari aandike kwenye fomu anachokitafuta. Fomu iliyoandikwa "tumbo" tu hutuacha tukibahatisha.