Badminton ya Olimpiki: ushindi unafutwa, kushindwa kunalipa, na anayeadhibiwa ni mchezaji

Ndugu wadau wa michezo, nimeuahirisha uzi huu zaidi ya mara moja kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Sasa nimetambua kuwa hasira yenyewe haina dalili ya kuisha, kwa hiyo nimeona ni heri niimwage hapa kwa utaratibu. Lalamiko langu ni moja tu: hatua ya makundi katika badminton (mpira wa vinyoya) ya Michezo ya Olimpiki ni mfumo mbovu, na kila ubovu wake unapojitokeza hadharani, wenye mchezo hukimbilia kumwadhibu au kumpuuza mchezaji, kisha huweka kiraka na kuendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nianze na jambo lililonichoma zaidi. Tarehe 27 Julai 2024, katika ukumbi wa Porte de la Chapelle jijini Paris, Lakshya Sen wa India alimshinda Kevin Cordón wa Guatemala kwa seti mbili, 21 kwa 8 na 22 kwa 20. Aliyeitazama mechi ile anajua kuwa seti ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya pili ilikuwa vita. Cordón, mzee wa miaka 37 aliyekuwa katika Olimpiki yake ya tano, alikataa kufa kirahisi, na Sen alilazimika kutoa jasho la kweli kumaliza kazi. Siku iliyofuata ikatangazwa kuwa Cordón amejitoa kwa sababu ya jeraha la kiwiko cha mkono wa kushoto, na kwa mujibu wa kanuni za mashindano, matokeo ya mechi zote za kundi zilizomhusu yanafutwa. Hayapunguzwi uzito wala hayawekewi alama ya maelezo, yanafutwa. Ushindi wa Sen ukatoweka katika msimamo wa kundi kama maandishi ya chaki ubaoni.

Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba Sen hakudhurika kwa sababu hatimaye aliongoza kundi. Ni kweli aliongoza: alimshinda Julien Carraggi wa Ubelgiji, kisha akamshinda Jonatan Christie wa Indonesia. Lakini Carraggi na Christie walicheza mechi mbili kila mmoja katika kundi hilo, na Sen akacheza tatu ili apate mbili. Mechi moja nzima ya Olimpiki, pamoja na maandalizi yake na uchovu wake, ilitoka mwilini mwake bila kuingia popote kwenye karatasi. Mtu huyo huyo alifika nusu fainali, akapoteza mbele ya Viktor Axelsen, halafu katika mechi ya kuwania shaba akapoteza kwa seti tatu mbele ya Lee Zii Jia wa Malaysia huku mkono wake wa kulia ukihudumiwa na daktari kandokando ya uwanja. Sidai kwamba mechi iliyofutwa ndiyo iliyomnyima medali, kwa maana hilo haliwezi kuthibitishwa. Ninachodai ni kwamba shindano linalojiheshimu halimtumi mtu kufanya kazi kisha likamwambia kazi ile haikuwepo.

Na Cordón mwenyewe je? Huyu ndiye aliyefika nusu fainali ya Tokyo akiwa hapewi nafasi na yeyote, akamaliza wa nne. Katika Olimpiki yake ya tano aliingia uwanjani, akapambana mpaka 22 kwa 20, akaumia, na kanuni ikaona malipo yanayomfaa ni kuifuta hata mechi aliyoshindwa. Sijui kama kuna mchezo mwingine unaoweza kumnyang'anya mtu hata kushindwa kwake.

Haikuwa Sen peke yake. Katika mashindano hayo hayo, jozi ya Ujerumani ya Mark Lamsfuß na Marvin Seidel ilijitoa kwa sababu ya jeraha la goti la Lamsfuß, na ushindi ambao Fajar Alfian na Muhammad Rian Ardianto wa Indonesia walikuwa wameupata dhidi yao ukafutwa vilevile. Kundi la jozi nne likabaki na jozi tatu, na kabla Waindonesia hawajakutana na jozi ya India katika mechi ya mwisho, pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kufuzu robo fainali. Watu walilipa kiingilio kutazama mechi ambayo hakuna aliyekuwa na hatari ya kutolewa.

Ninaijua hoja ya watetezi wa kanuni hii, na sitaki kuipita kama vile haipo. Wanasema kuwa mchezaji akijitoa katikati, wapinzani ambao bado hawajakutana naye watapata ushindi wa mezani, ilhali aliyetangulia kukutana naye alitoka jasho, pengine akapoteza seti au alama zinazoweza kuhesabiwa baadaye ikiwa watu watalingana. Kwa hiyo, wanasema, heri kufuta zote ili waliobaki wawe sawa. Kwa hesabu ya karatasi hoja hiyo inasimama. Lakini igeuzeni upande wa pili. Tuseme mchezaji amefungwa kihalali siku ya kwanza, kisha aliyemfunga akateguka kifundo cha mguu siku ya pili na kujitoa. Kwa kanuni hiyo hiyo, kipigo kinafutwa na aliyepigwa anarudi kwenye kinyang'anyiro akiwa msafi kama hajawahi kuguswa. Kiwiko au goti la mwenzake limemfanyia kazi ambayo raketi yake ilishindwa kuifanya. Huo ndio usawa tunaoambiwa unalindwa!

Sasa turudi nyuma miaka kumi na miwili kabla ya Paris, London 2012, kwa sababu aibu ile haikuwa ajali. Kuanzia Barcelona 1992, badminton ilipoingia rasmi katika ratiba ya medali, hadi Beijing 2008, mashindano haya yalichezwa kwa mtoano mtupu: ukifungwa unaondoka. London ndiko makundi yalikoingizwa, kwa nia ambayo kwa kuisikia tu ni njema, yaani kila mchezaji apate zaidi ya mechi moja na watazamaji wawaone mabingwa mara nyingi zaidi. Tarehe 31 Julai, jozi ya China ya Tian Qing na Zhao Yunlei ilifungwa na Wadenmark, Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl, ikamaliza ya pili katika kundi lake. Kuanzia hapo ramani ya mtoano, yaani nani atakutana na nani, ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Wachina wenzao, Wang Xiaoli na Yu Yang, wakijua kwamba wakiongoza kundi lao wangeweza kukutana na Tian na Zhao kabla ya fainali, waliingia uwanja wa Wembley Arena jioni ile wakiwa na sababu nzuri kabisa ya kushindwa. Wapinzani wao, Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini, nao hawakuwa na hamu ya kushinda.

Tulichokiona baada ya hapo kila mpenzi wa mpira wa vinyoya anakikumbuka. Wanawake walio miongoni mwa bora duniani walikuwa wakianzisha kinyoya moja kwa moja kwenye wavu na kukipiga nje kwa makusudi. Katika seti ya kwanza, majibizano ya kinyoya marefu kuliko yote yalikuwa ya mapigo manne. Ukumbi ulizomea. Mwamuzi mkuu, Thorsten Berg, alishuka uwanjani kuwaonya, na katika mechi iliyofuata, kati ya Ha Jung-eun na Kim Min-jung wa Korea Kusini dhidi ya Greysia Polii na Meiliana Jauhari wa Indonesia, mchezo ukawa ule ule: kadi nyeusi, ile ya kumfukuza mchezaji mashindanoni, ilitolewa, kisha ikarudishwa mfukoni. Kesho yake jozi zote nne zilifukuzwa kwa kosa la kutotumia juhudi zote kutafuta ushindi na kwa mwenendo unaoudhalilisha mchezo.

Siwatetei wachezaji wale. Walichokifanya kilikuwa dharau kwa watu waliolipa na kwa wenzao waliokwisha kutolewa kwa haki. Ila nauliza: aliyechora ramani iliyofanya kushindwa kuwe na faida kuliko kushinda, yeye alifukuzwa wapi? Wachezaji wanane walibeba mabegi, na mfumo ukabaki umekaa kwenye kiti chake. Jozi hizo nne ndizo zilizoshika nafasi mbili za juu katika makundi mawili, kwa hiyo robo fainali ya makundi hayo ikajazwa na walioshika nafasi ya tatu na ya nne, yaani waliokuwa wamekwisha kufungwa na kuaga: Warusi, Wakanada, Waaustralia na Waafrika Kusini. Valeria Sorokina na Nina Vislova wa Urusi wakaondoka na shaba baada ya kuwashinda Wakanada, Alex Bruce na Michelle Li. Siwaonei wivu, kwa maana walipoitwa walicheza. Lakini mfumo ulioanzishwa ili kuwachuja wachezaji ulikuwa umefikia mahali pa kuwarudisha wale wale uliowachuja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyehitaji kuwa mtabiri. Mpira wa miguu uliyaona haya mwaka 1982 huko Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza wakijua kuwa bao moja kwa sifuri linawavusha wote na kuitupa nje Algeria iliyokwisha kumaliza mechi zake. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Miaka thelathini baadaye, badminton ikaleta makundi Olimpiki huku matokeo ya mchana yakijulikana na kila mtu kabla ya mechi za usiku. Somo lilikuwa limeshalipiwa na wengine, na bado hawakulichukua.

Kiraka kilipokuja kilikuwa hiki: kuanzia Rio 2016, makundi ya wawili wawili yakimalizika, jozi zilizoshika nafasi ya pili zinapangiwa wapinzani kwa droo mpya, ili mtu asijue mapema atakutana na nani. Nakiri kuwa kiraka hicho kimepunguza tamaa ya kujifungisha. Nakiri pia kwamba maisha yana kejeli zake, kwani katika mechi ya shaba ya Rio walikutana tena Jung Kyung-eun na Yu Yang, kila mmoja akiwa na mwenza mpya, na safari hii wote walicheza kwa nguvu zote, Jung akashinda. Greysia Polii naye alivumilia hadi Tokyo, ambako tarehe 2 Agosti 2021 yeye na Apriyani Rahayu walitwaa dhahabu ya wanawake wawili wawili. Wachezaji wamejisahihisha. Anayebaki na deni ni mwenye kanuni.

Kwa upande wa mchezaji mmoja mmoja, hali ni ya ajabu zaidi. Paris kulikuwa na makundi 13, na kutoka kila kundi alisonga mbele kinara peke yake, ilhali ramani ya mtoano ina nafasi 16. Hesabu hiyo haikubali, kwa hiyo vinara watatu wakaingia robo fainali bila kucheza raundi ya kwanza ya mtoano. Katika kundi la watu watatu anayesonga mmoja, ukifungwa mechi ya kwanza kwa kawaida umekwisha, ila unabakizwa kucheza mechi ya pili kwa ajili ya heshima. Huo ni mtoano uliovishwa kanzu ya makundi. Hasara za mtoano zote zimo, na ile faida yake kubwa, kwamba kila mechi ina uzito na kila ushindi unabaki kuwa ushindi, haimo.

Najua kuna mtu ataandika hapa chini kwamba mtoano ni ukatili, kwamba mchezaji anajiandaa miaka minne na anaondoka baada ya nusu saa. Ndugu yangu, tenisi ya Olimpiki inachezwa hivyo hivyo, na sijawahi kuona mtu akijifungisha raundi ya pili ili akutane na mpinzani mlaini. Kama huruma ndiyo inayotakiwa, judo wana njia yao: waliofungwa robo fainali hupewa mlango wa pili wa kuelekea shaba, na kila pambano katika mlango huo lina maana. Njia zipo. Kinachokosekana ni nia ya kukiri kuwa kilichoanzishwa 2012 kilianzishwa vibaya.

Madai yangu kabla ya Los Angeles 2028 ni haya. La kwanza na la msingi, mtoano urudi. Kama wenye mchezo watang'ang'ania makundi, basi yawe makundi yenye idadi sawa ya wachezaji, mechi za mwisho za kila kundi zianze kwa wakati mmoja hata kama televisheni itanuna, na mechi iliyochezwa mpaka alama ya mwisho ihesabiwe hata mmoja wao akijitoa kesho yake. Wasiokutana naye wapewe ushindi wa mezani, na watu wakilingana kwa ushindi, waamuliwe kwa mechi waliyokutana wenyewe kwa wenyewe. Katika kundi la Sen mwaka 2024 utaratibu huo ungetoa kinara yule yule, na mechi ya tarehe 27 Julai ingebaki mahali pake, pamoja na 22 kwa 20 ya Kevin Cordón.

Mwenye hoja ya kuitetea kanuni ya kufuta matokeo ailete hapa, ila aanze kwa kueleza angemwambia nini Cordón.