Walimu wa hesabu tukutane hapa, ilikuwaje ukaishia kwenye chaki? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Kanda ya Ziwa)

Wakuu habari za jioni. Nimetoka kusahihisha mitihani ya muhula sasa hivi macho mekundu, nikasema ngoja nianzishe huu uzi kabla sijalala. Walimu wa hesabu wote, mliopo kazini, mliostaafu, mnaojitolea huku mnasubiri ajira, mnaopiga tempo praiveti, semeni ukweli, ulifikaje hapo? Maana ofisini kwetu sijamsikia hata mmoja anayesema tangu darasa la tatu alikuwa anaota kufundisha logi.

Naanza mimi. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), na PCM yote enzi zetu ilikuwa inaenda uinjinia, hakuna aliyekuwa anataja ualimu hata kwa utani. Matokeo yakatoka sio mabaya ila sio ya uinjinia, mjomba akaniambia jaza ualimu wa sayansi na hesabu mkopo unatoka bila longolongo. Nikajaza. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likaingia. Kwahiyo mimi aliyeniita kwenye huu wito ni boom, wanaosema ualimu ni wito wanisamehe. Mpango ulikuwa nimalize nihame fani, sasa nina watoto, nina shamba la mpunga huku, na somo ninalofundisha ndio lile lile ambalo kila matokeo ya fomu foo yakitoka walioanguka ni wengi kuliko waliofaulu.

Kilichonibakisha ni D. Msicheke. D ndio alama ya chini ya kufaulu, inaanzia 30, na sekisheni A ya mtihani ina maswali kumi ya maksi sita sita, piga hesabu mwenyewe, matano tu ukiyapata yote umeshavuka. Kwahiyo mtoto aliyekata tamaa simpi pembetatu za ajabu ajabu, namkalisha na seti, takwimu, uwiano, zile za debiti na krediti, anaokota maksi moja moja. Nina binti mmoja fomu foo, mama yake anauza dagaa mwaloni na yeye jioni ndio anapima sado na kurudisha chenji, hakosei hata mia. Darasani ukiandika x ananyamaza kabisa. Siku moja nikamwambia una mtaji wa elfu hamsini, sado la dagaa elfu tano, kilo ya mchele elfu mbili na mia tano, utabeba nini na nini? Akaanza kunitajia, dagaa kumi mchele hamna, dagaa nane mchele kilo nne, dagaa sita mchele nane, anataja tu bila kalamu. Nikamwambia haya weka x kwenye dagaa na y kwenye mchele, akaandika 2x + y isizidi 20, akachora mstari akatia kivuli upande wenyewe, halafu akaniangalia kama nimemfanyia utapeli, yaani ndio hii tu mwalimu?

Haya leteni za kwenu.

Mdau (Singida)

Mimi ni wale mliokuwa mnatuita vodafasta, nawasoma tu hapa mnavyoongea. Wadogo zangu hamjui, mwaka 2006 na 2007 shule za kata zilikuwa zinaota kila kona, madarasa yapo, walimu hakuna, serikali ikachukua fomu siksi ikatupiga msasa wa mwezi mmoja ikatupa leseni ikatutawanya. Nafika kituoni mkuu wa shule ananiuliza umesoma nini, nasema EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, akasema hiyo E na G kaa nazo mwenyewe sisi tunataka M. Fomu wani mpaka fomu three zote zangu, na wengine darasani tulikuwa tunalingana umri, kuna mmoja alikuwa na ndevu mimi sina.

Usiku nilikuwa nasoma nitakachofundisha asubuhi, maana kufaulu hesabu ni kitu kimoja na kumwelewesha mtu kwanini hasi mara hasi inakuwa chanya ni kitu kingine kabisa, hiyo hakuna aliyetufundisha kwenye ule mwezi. Baadae nikajiendeleza Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, digrii ninayo, ila mpaka leo kuna mzee hapa kijijini ananiita vodafasta na ninamwitikia.

Mdau (Kakamega)

Salamu kutoka Kenya. Mleta uzi umenichekesha na hiyo D yako, huku kwetu pia tuna ujanja wetu. Karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza kidato cha nne, sehemu ya kwanza ni maswali 16 ya lazima, sehemu ya pili mwanafunzi anachagua 5 kati ya 8, sasa mimi kazi yangu kubwa kidato cha nne ni kufunza mtoto kuchagua. Wengi hufeli kwa kukimbilia swali refu lenye mchoro mzuri.

Mimi nilianza kama mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, hisabati na fizikia, malipo yanatoka kwa karo ya wazazi, karo ikichelewa na wewe unachelewa kula. Halafu nikapata intern ya junior school, elfu ishirini za Kenya kabla ya makato, na ukifika huko unaambiwa hisabati ndio, lakini chukua pia kilimo na michezo kwa sababu walimu ni wachache. Mimi kilimo najua ni ya kupanda mahindi ya nyanya yangu tu, nyinyi mnasema bibi. Sijui nani alipanga hivyo na sitaki kujua, ila wale watoto wa Gredi 7 wana maswali, wacha tu. Mkubwa akishaingia sekondari anaogopa kuuliza, hawa bado.

Mdau (Dodoma)

Huyo wa Kakamega ana raha, anachagua. Sisi zamani sekisheni B ilikuwa unachagua manne kati ya sita, siku hizi maswali yote 14 ni lazima, hakuna pa kujificha.

Mimi ni binti wa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma 1974 watoto wote walitakiwa waingie shule na walimu hawakuwepo, baba yangu alikuwa amemaliza darasa la saba tu, wakafundishwa ualimu huku huku vijijini, wiki wanafundisha, muda mwingine wanajifunza kwa redio na vitabu vya posta. Watu waliwadharau sana. Lakini baba alikuwa na mbegu za ubuyu kwenye mfuko wa kaunda suti, kugawanya alikuwa anafundisha chini ya mwembe kwa kugawa mbegu kweli kweli, ikibaki moja anauliza hii ni ya nani? Baki niliijua hivyo kabla sijaijua ubaoni. Nikaenda kusomea ualimu Kleruu, hesabu na jiografia, na nilichukua hesabu sababu nilijua naiweza, sio boom wala mjomba. Kwahiyo mleta uzi umepata mmoja aliyeota tangu darasa la tatu, ndio huyu hapa.

Mdau (hajataja alipo)

Mimi naomba niseme ya kwangu kwa kifupi maana bado inauma. 2016, diploma maalum ya ualimu wa sayansi na hesabu, tulirudishwa nyumbani zaidi ya elfu saba kwa mkupuo, na kwenye mitandao tukaitwa majina. Nilipanda basi na begi moja, mtaani nikawa nasema tumepewa likizo. Wengine walikuja kupangiwa vyuo vya ualimu kulingana na ufaulu, mimi nikiwemo, nikamaliza. Sasa nafundisha na kila nikiona mtoto anaitwa kilaza na mwenzake nasimamisha kipindi. Ni hayo tu.

Mleta uzi

Pole sana mkuu. Nina mwalimu mwenzangu hapa alipitia hayo hayo, na kwa kufundisha aljebra wilaya nzima sijaona wa kumfikia.

Mdau (Dar)

Mimi sio mwalimu, mimi ni F yenu. Nimekuja kudai. Mwalimu wetu alikuwa anaandika ubao mzima akiwa ametupa mgongo, akigeuka anauliza imeeleweka, wote ndiyooo mwalimu, anafuta. Na usipoelewa fimbo. Halafu primari tuliimba MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), fomu wani nakuta hiyo hiyo inaitwa BODMAS na kila kitu kingereza, nikawa sijui nimeanguka hesabu au nimeanguka kingereza. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, natoa makadirio ya bati na misumari ya nyumba nzima kwa kichwa, fundi akiniibia bati moja najua.

Mdau (Iringa)

Kaka wa Tegeta, hilo la kingereza ni kweli na sisi tunalijua, fomu wani nusu ya muhula wa kwanza mimi nafundisha kwa lugha mbili hata kama mkaguzi akija atanuna. La fimbo sitamtetea mtu. Ila nawe jaribu kusimama mbele ya watoto tisini na vitabu vichache halafu umfuate mmoja mmoja.

Mimi nimepita Mkwawa, pale pale ambapo mwanafunzi Erasto Mpemba, yule wa maji moto kuganda haraka kuliko ya baridi, alimuuliza swali hilo profesa aliyekuja kutembelea, baada ya walimu na wenzie kumcheka. Profesa akaenda kulipima kweli, 1969 wakaliandika pamoja. Chuoni hiyo stori tunapewa wiki ya kwanza. Ukifika kituoni kipindi cha nane, saa nane mchana, njaa, jua, mtoto anakuuliza kwanini sifuri haigawi, hapo ndio unajijua kama stori ilikuingia au ilipita.

Mdau (Singida)

Na wewe unamjibu nini? Mimi namwambia gawa mikate kumi kwa watu sifuri uniletee jibu kesho.

Mdau (Iringa)

Mimi namwambia agawe 10 kwa 1, halafu kwa 0.1, kwa 0.01, aendelee mpaka achoke. Mmoja alijaza kurasa mbili akaja kuniambia mwalimu haliishi hili.

Mdau (Katavi)

Uzi mzuri nimeusoma wote, nitaleta stori yangu kesho mtandao ukikaa sawa. Kwa sasa naomba nipenyeze tangazo: hesabu na fizikia, nipo Mpanda, natafuta wa kubadilishana naye kituo kutoka Morogoro au Pwani, sababu za kifamilia. Umeme upo, maji yapo, nyumba ya mwalimu ipo ila inavuja upande wa jikoni. Mkuu wa shule ni mtu poa. Aliye siriasi aje inboksi.