Forester turbo: tuni ya mbali, Accessport au daino?

Kipanga_SG5 (Dar): Wakuu, nina Forester ya 2005 kutoka Japani, EJ20 turbo, gia za mkono. Nimefunga ekzosi kubwa kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, sasa kompyuta ya injini (ECU) inahitaji ramani mpya, yaani majedwali ya mafuta na cheche. Kuna fundi yuko Uingereza anatuni kwa intaneti: namtumia logi (rekodi ya vipimo vya injini gari likitembea), ananirudishia faili. Wengine wananiambia ninunue Accessport, kifaa cha kujitunia, wengine nipeleke gari Nairobi kwenye daino, mashine ya kupima nguvu gari likiwa limesimama. Mngekuwa nyie?

MzeeWaBoksa (Nairobi): Accessport tamu, ni kikasha cha mkononi, unalogi bila laptopu. Lakini kikishafungwa kwenye gari moja hakitumiki kwa lingine mpaka ukiondoe, na orodha yake imeegemea magari ya soko la Marekani. Kagua namba ya ECU yako kabla hujatoa hela. Mimi natumia programu za laptopu, RomRaider na EcuFlash, zote bure, na kebo ya OpenPort 2.0 ya kuunganisha na gari. Kebo za kuiga ziogope: mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika faili, gari linaweza lisiwake tena. Na betri iwe kwenye chaja wakati huo.

Salum_Muscat: Naunga mkono tuni ya mbali, ila fundi wako ajue unakoishi. Ramani ya kiwandani iliandikwa kwa petroli ya Japani ya karibu oktani 100 (oktani ni uwezo wa petroli kuhimili kugonga). Huku kwetu nilituma logi za saa tano usiku, faili likaja safi kabisa. Mchana wa Julai, joto kali, nikikanyaga, injini inagonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe ovyo ndani.

MzeeWaBoksa: Hali ya hewa ndiyo inayonifanya nisimshauri Kipanga alete gari Nairobi, na mimi naishi hapa! Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi. Daino yetu haiwezi kuonyesha injini itafanya nini ikishavuta hewa nzito ya Dar.

Dada_Torque (Arusha): Daino msiitupe hivyo. Logi nzuri inataka ukanyage mpaka mwisho gia ya tatu, toka mizunguko 2,500 hadi 6,500. Hapo umeshapita kilomita 120 kwa saa. Utafanyia wapi, barabara ya Bagamoyo na bodaboda wote wale? Mwenzangu mmoja alilogi barabarani, trafiki wakamlogi yeye.

Kipanga_SG5: 😂 Nimekuelewa dada. Kuna uwanja wa mtu binafsi nimeruhusiwa. Nimeazima kebo, hii ndiyo logi ya kwanza, ramani bado ya kiwandani. Vigezo 22.

MzeeWaBoksa: 22 ni vingi mno! ECU ya umri huo inaongea polepole, baudi 4,800 tu, kila kigezo unachoongeza kinapunguza idadi ya mistari kwa sekunde. Presha ya turbo imepanda yote katikati ya mistari miwili, hatuioni. Bakiza mizunguko, presha, MAF (sensa ya kupima hewa inayoingia), mchanganyiko wa hewa na mafuta, muda wa cheche, marekebisho ya kugonga (digrii ambazo kompyuta inarudisha cheche ikisikia kugonga) na IAM (alama ya imani ya kompyuta kwa petroli). Basi.

Kipanga_SG5: Marudio. IAM ilianza 16, sasa 12. Marekebisho ya kugonga ni -2.8 kwenye mizunguko 3,100, kila mara palepale. Mchanganyiko umejifunza +11%, yaani kompyuta imezoea kuongeza mafuta kiasi hicho.

MzeeWaBoksa: Mkuu, usimlipe mtu yeyote bado. 16 ndiyo juu kabisa kwa ECU za aina yako. Ikishuka maana yake kompyuta imeshaacha kuiamini petroli yako, inarudisha cheche nyuma. Na +11% inanuka hewa ya wizi, inayoingia kwenye tundu baada ya MAF bila kupimwa. Fundi wa mbali atakachofanya ni kufunika tundu hilo kwa kuongeza mafuta kwenye ramani.

Dada_Torque: Hiyo ya 3,100 palepale kila mara mimi naishuku. Sensa ya kugonga ni sikio tu, haijui kilichopiga kelele. Ulipofunga ekzosi, bati la kukinga joto ulilirudisha na boliti zote? Ligonge kwa ngumi injini ikiwa imepoa.

Kipanga_SG5: Nimelala chini ya gari saa nzima. Bati lilikuwa na boliti moja kati ya tatu, linalia kama debe. Na mpira wa kuingia kwenye turbo umepasuka upande wa chini, ufa unapita kidole. Mpira nimeagiza. Yule wa Uingereza nimemwandikia anisubiri, nalogi tena Jumamosi, mchana jua likiwaka, vigezo saba.