Modeli ndogo za akili mnemba: msimbo wao unaokoa umeme au unakula betri?

Mwana Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, nina neno. Vijana wengi wanaoandika programu hapa mjini sasa wana modeli ndogo kwenye kompyuta zao, zile za parameta (namba ambazo modeli imejifunza) bilioni 1 hadi 7, kama Llama 3.2 au Qwen2.5-Coder. Wote wanasema: ni ndogo, haihitaji intaneti, basi inaokoa umeme. Mimi nakataa. Mnahesabu umeme wa kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, mnasahau wa kuuendesha. Modeli inauandika mara moja. Duka litauendesha kila siku kwa miaka.

Niliiomba modeli moja initafutie namba za wateja zilizojirudia. Jibu lilikuwa sahihi, lakini kwa kila namba inapekua orodha upya. Wateja 100, huoni kitu. Wateja 100,000, ni mabilioni ya ulinganisho. Kwa seti, mkusanyiko usiokubali namba ileile mara mbili, ungepita kwenye namba zote mara moja tu, kazi ikaisha. Msimbo wote wawili unafaulu mtihani, kwa sababu mtihani unauliza kama jibu ni sahihi, hauulizi limekula jouli ngapi za nishati. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga na umebaki na betri, mimi nataka hilo la jouli lijibiwe kwanza.

Fundi wa Kamalondo
Unaonea modeli. Tatizo ni Python, lugha ya kuandikia programu. Kuna ule utafiti wa Wareno wa 2017, lugha 27 zilipimwa, Python ikala nishati kama mara 75 ya lugha ya C. Modeli ndogo usipoitajia lugha inakimbilia Python, maana ndiyo lugha ya wavivu na wavivu ndio walioandika mengi iliyojifunzia.

Mwalimu wa Kasapa
Papa, wavivu ni nani? Nafundisha Python. Nina wanafunzi wanaosoma kwa mwanga wa simu na asubuhi wanaingia darasani na kazi imekamilika. Njoo uwaite wavivu mbele yao. Tena hiyo mara 75 ni ya Python tupu. Hesabu kubwa watu wanatumia NumPy, maktaba ya Python ambayo kwa ndani imeandikwa kwa C. Ungeisoma ile ripoti usingeishia kwenye jedwali.

Fundi wa Kamalondo
Niliisoma. Na modeli yako ndogo haikuandikii NumPy usipoiambia, inakuandikia mzunguko ndani ya mzunguko. Hasira haibadilishi jedwali.

Mwalimu wa Kasapa
Sijakasirika. Nataka hilo neno ulifute.

Mama Ruashi
Wanangu, mnagombania jouli za kompyuta na hapa Katanga umeme unakwenda migodini! Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilimalizika 1982. Inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha vibatari. Msimbo wa nani utatuletea umeme?

Kijana Kolwezi
Mama, kwa heshima: bila migodi ile laini isingejengwa. Na vijiji haviwezi kuchota kutoka pale kirahisi. Ni mkondo mnyoofu, si mkondo geu wa majumbani, kila mahali pa kuchotea panataka kituo cha kuugeuza, na kituo kimoja ni pesa nyingi sana.

Mama Ruashi
Mwanangu, hayo ya mkondo waliyajua kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza. Walichagua. Usinieleze waya, nieleze kwa nini walichagua hivyo.

Kijana Kolwezi
Walichagua shaba. Hata nyumba tuliyokulia ilijengwa kwa mshahara wa shaba, siwezi kuikana.

Yaya wa Kampemba
Mama amesema kweli, lakini hapa palikuwa na swali. Mwana Katuba, umepima, au umetazama tu msimbo ukaukasirikia?

Mwana Katuba
Asante, Yaya. Nimepima. Prosesa za Intel zina kaunta ya nishati, RAPL, na mfumo wa Linux unaisoma. Unaisoma kabla na baada, unatoa, hakuna kukisia. Na msikimbilie muda peke yake: msimbo unaogawa kazi kwa viini vyote vya prosesa unaweza kumaliza mapema na bado ukala nishati zaidi. Mama Ruashi, sidai kwamba hii italeta umeme kijijini. Naongea na duka lenye sola ndogo na betri moja.

Mama Ruashi
Duka hilo lina sola kwa sababu laini haikushuka. Ndiyo maana nimeitaja.

Fundi wa Kamalondo
Basi tupime. Kazi ileile ya wateja 100,000, kompyuta moja, mimi kwa C, Mwalimu kwa Python. Na modeli nayo iandike wake bila kusaidiwa.

Mwalimu wa Kasapa
Nakubali, na wangu utakuwa na seti. Ila kabla ya kupima, neno lifutwe.