Bangili ya Wanavajo: ya kumimina au ya mihuri yenye feruzi?

Mwanaidi_NM: Hamjambo wapendwa. Jana nilikuwa Gallup, New Mexico, namtafutia mama aliyeko Tanga bangili ya fedha ya Wanavajo, kabila la Wenyeji wa Marekani. Nimebaki na mbili, kuchagua nashindwa. Moja ya kumimina: fedha imeyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu ya jiwe laini lililochongwa kwa kisu. Nzito, haina kito. Ya pili ni bamba la fedha lililogongwa alama kwa mihuri ya chuma ukingo mzima, katikati kito cha feruzi. Nimpe ipi?

MjukuuWaSonara: Ya kumimina, dada. Wanavajo walianza kwa kuyeyusha sarafu, za Marekani kisha peso za Mexico, kama masonara wa pwani yetu walivyoyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za zamani. Feruzi ilikuja baadaye, kwenye 1880 hivi.

Fundi_Rajabu: Hapo hatukubaliani. Atsidi Sani, anayetajwa kuwa mfua fedha wa kwanza wa Wanavajo, alianza na uhunzi wa chuma, akifundishwa na Mmeksiko. Uhunzi huo bado uko kwenye mihuri: fundi huichonga mwenyewe, mara nyingi kwa chuma chakavu. Muhuri mmoja wa nusu duara, ukigeuzwa huku na huku, unazaa mawimbi, maua, hata miale ya jua. Dada, tazama kwa karibu pale alama zinapokutana. Kina kikipishana kidogo, na upande wa ndani ukaona fedha imevimba chini ya pigo, hapo nyundo imepita. Mimi ningechukua hiyo bila kuuliza mara mbili.

Mama_Nuru: Mwanangu, uliza kwanza habari ya jiwe. Kuna feruzi asilia, kuna iliyoshindiliwa gundi iwe ngumu, na kuna jiwe jeupe lililotiwa rangi. Mimi niliuzwa hilo la tatu, rangi ikaishia kwenye maji ya vyombo, niliumia sana. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kazi ya mtu mwingine kwa jina la Wenyeji wa Marekani, basi dai risiti yenye jina la fundi na kabila lake.
Na feruzi asilia hunyonya mafuta na sabuni, ikageuka kijani. Mama yako ataivua kila akitaka kutawadha?

Mwanaidi_NM: Havui kitu mkononi, Mama Nuru, hata akikuna nazi. Nachukua ya kumimina. Ile ya mihuri, Fundi Rajabu, nitairudia mwezi ujao kwa ajili yangu.